Nchi Isiyo na Moshi

Haya, mwenye sikio alitege na mwenye mtoto ampakate, maana safari hii ilichosha na msimulizi hana haraka.

Alikuwapo mwanamke kijana, jina lake Mwasiti, mama wa mtoto mmoja anayenyonya aitwaye Tausi. Mchana alikuwa mke wa watu na mkwe wa watu. Jioni, wenzake wakiogesha watoto, yeye alikwenda darasani kusomea kuchora nyumba. Si maghorofa, la. Nyumba za kuishi: vyumba viwili vitatu, ukumbi, ua wa kuanikia nguo.

Masika yaliyopita yaliangusha nyumba ya mama yake, Bi Sauda. Ukuta wa nyuma ulikuja chini kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Tangu siku hiyo Bi Sauda akawa analala ukumbini kwa wakwe wa bintiye. Wakwe walikuwa watu wema, na wema wao ndio uliokuwa ukimtesa. Aliamka kabla ya wote akakunja mkeka wake, isionekane kuwa mtu alilala pale. Alikula kidogo. Akikohoa, alikohoa ndani ya kanga. Mwasiti aliyaona yote hayo akayameza, mpaka siku moja akamshika mama yake mkono akamwambia, "Mama, masika yajayo hayatakukuta ukumbini kwa watu."

Kiwanja kilikuwapo, fundi alikuwapo, hata matofali yalikwisha kufyatuliwa. Kilichokosekana ni mchoro, kwa kuwa mji wao hautoi kibali cha kujenga bila mchoro. Na mchoraji ni nani? Ni yeye mwenyewe.

Sasa achore kwa programu gani? Hapo ndipo alipokwama. Darasani kila mtu alikuwa na programu yake na aliitetea kama anavyotetea timu yake ya mpira. Huyu akisema ile nzito, yule anasema ile nyepesi, wa tatu anacheka wote wawili. Mwasiti akichora ukuta mmoja, anasikia mtu nyuma yake: "Kwa hiyo bado unatumia hiyo?" Basi anaufuta. Mwalimu, kwa kuchoshwa na kelele, akasema, "Aliyeshindwa kuchagua aende nchi ya Uteuzini. Huko ndiko walikobobea katika kuchagua."

Mwasiti akamfunga Tausi mgongoni, akatia kompyuta yake mpakato kwenye kikapu, akaenda. Alipita wapi na alilala wapi, tusipotezeane muda. Alifika.

Kitu cha kwanza alichokiona, au tuseme ambacho hakukiona, ni moshi. Ilikuwa saa ambayo kwao kila ua unafuka, lakini bonde lile lilikuwa jeupe na kimya kama sahani iliyooshwa. Mawe ya kujengea yalikuwa yamechongwa vizuri na kupangwa marundo, na marundo yale yameota kuvu. Mbao zimeota uyoga. Katikati ya marundo hayo watu walikuwa wakiishi ndani ya mahema. Jengo lilikuwa moja tu, kubwa, lililojengwa kabla ya sheria: Baraza la Ulinganisho.

Langoni alipokewa na Mlinganishi Mkuu mwenyewe, Bwana Fakihi, mzee msafi mwenye sauti ya upole. Alikuwa akiwapokea wageni yeye binafsi, kwa sababu walioingia hawakuwa wengi na waliotoka walikuwa wachache zaidi.

"Karibu, binti. Umekuja kujenga?"

"Hapana, bwana. Nimekuja kuchagua programu ya kuchorea."

"Alhamdulillahi. Maana kujenga hapa ni kosa." Akamkalisha kwenye kiti na kumweleza, polepole, kama daktari anayeeleza dawa. Hakuna kuweka jiwe juu ya jiwe kabla ya kuchagua programu. Hakuna kuchagua kabla ya kulinganisha programu zote. Na hakuna kulinganisha kwa toleo lililopitwa na wakati.

"Matoleo mapya hutoka lini, bwana?"

"Mvua ya kwanza ya vuli."

"Kila mwaka?"

"Tunamshukuru Mungu, kila mwaka."

"Na ambaye hajamaliza kulinganisha?"

"Anaanza upya." Bwana Fakihi alitabasamu. "Na mgeni naye ni hivyo hivyo. Lango halimfungukii asiyechagua. Hatutaki kusemwa kwamba tulimwacha mgeni wetu aondoke na shaka."

Mwasiti akaanza kupiga hesabu kichwani. Vuli haikuwa mbali. Ikimkuta humo ndani, atakaa mwaka mwingine, na masika yatamkuta mama yake palepale ukumbini, anakohoa ndani ya kanga.

Alipangiwa kulala katika hema la mwanamke wa makamo aitwaye Mwanamvua, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mikono isiyotulia. Mwanamvua alimpokea Tausi kabla hata ya salamu.

"Kilete hicho kitoto. Wee, mzito huyu! Mama yako anakulisha nini, mawe? Kaa, mwanangu. Kuna tende, kuna karanga, kuna maziwa. Vyote baridi."

"Hampiki, mama?"

"Tupike wapi? Moto ndani ya hema ni hatari. Nje ya hema, marehemu mume wangu alijaribu kuweka mafiga. Matatu tu, jamani. Alishtakiwa. Baraza likaamua kwamba figa ni jiwe, na chungu ni kitu kilichowekwa juu ya jiwe, kwa hiyo ni ujenzi."

Mwasiti alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Na yeye marehemu alichagua programu gani?"

"Alikuwa mtu makini sana," Mwanamvua akasema, akimpangusa Tausi mdomo. "Alifariki akiwa amebakiza mbili."

Kesho yake Mwasiti aliingia Barazani. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliokaa kimakundi, na ukutani iliangazwa picha kubwa ya nyumba. Hii waliiita Nyumba ya Mfano. Ili ulinganisho uwe wa haki, sheria iliagiza kila programu ichore nyumba hiyohiyo moja, nayo imekuwa ikichorwa tangu ujana wa wazee wao. Ilikuwa nyumba ya kutamanisha. Madirisha yalimeta. Kivuli cha mti kilitembea ukutani kadiri jua lilivyosogea. Kwenye ngazi alilala paka, na kila unyoya wake ulionekana. Mwasiti aliitazama sana, akahisi kuna kitu hakimkai moyoni, lakini kelele hazikumpa nafasi ya kujua ni nini.

"Nyumba ni mistari!" alikuwa akisema mzee wa kundi la Wanyoofu. "Babu zetu walichora ukuta kwa mistari miwili, na ukuta ukasimama."

Bi Shani, msemaji wa kundi la Maumbo, aliinuka na shali yake. "Mistari yenu haijui kama ni ukuta au ni kamba ya kuanikia nguo. Ukuta wetu sisi unajijua. Ukiuuliza una matofali mangapi, unakujibu."

"Na ukiuuliza utajengwa lini, unajibu nini?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kundi la Wafinyanzi, ambao programu yao huvuta na kusukuma nyumba kama udongo wa chungu, wakapaza sauti kwamba yao ni rahisi, hata mtoto anaweza. "Ndiyo maana nyumba zenu zimekaa kitoto!" Bi Shani akawajibu. Nyuma kabisa walikaa Wagawaji, wenye programu ya bure. Kila walipotaka kusema waliulizwa, "Ikigoma tumwite nani?" nao wakatazamana.

Hivyo ndivyo zilivyokuwa siku za Uteuzini. Asubuhi mjadala wa kasi, adhuhuri mjadala wa vivuli, jioni mjadala wa kama mjadala wa asubuhi ulikuwa wa haki. Kulikuwa na programu ambazo haziuzwi ila hupangishwa. Ukiacha kulipa kodi, mchoro wako unafungiwa ndani na wewe unabaki nje unauchungulia. Tena mchoro wa programu moja ukifunguliwa kwenye nyingine, milango huhamia darini. Mwasiti alionyeshwa mume na mke waliochora nusu nusu ya nyumba yao, kila mmoja kwa programu yake, na nusu zile zilikataa kuungana. Waliishi mahema mawili yanayotazamana, wakipendana, wakipungiana mikono.

Usidhani watu wale walikuwa wajinga. Hapo ndipo palipomchosha Mwasiti. Kila aliyesema alisema kweli. Akimsikiliza Mnyoofu, anakubali; akimsikiliza Bi Shani, anakubali zaidi. Kila jioni alirudi hemani na kichwa kimejaa kama kapu la nguo chafu, akakaa chini, akamtoa Tausi mgongoni, na hakuwa amechora hata mlango mmoja. Wakati mwingine alisinzia ameshika tende mdomoni.

"Umebakiza ngapi?" Mwanamvua alimuuliza.

"Kila nikitoa moja, inarudi."

"Ndivyo alivyokuwa akisema marehemu."

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki. Barazani watu walikuwa na furaha, wakijiandaa kwa matoleo mapya. Mwasiti hakuwa na furaha. Aliyatazama mawingu yale kama mtu anayetazama mlango unaofungwa polepole na yeye mikono yake imejaa.

Alasiri moja hakwenda Barazani. Tausi alikuwa na homa kidogo ya meno na hakutaka kuwekwa chini. Mwasiti akakaa hemani, mtoto ziwani, mkono wa kushoto umembeba, mkono wa kulia ndio pekee uliobaki. Mwanamvua alikuwa mbele yake anamenya karanga. Basi Mwasiti akaiwasha kompyuta, si kwa kulinganisha, ila kwa kuwa mikono ya mama haijui kukaa bure hata ikibaki mmoja.

Akafungua ya Maumbo, maana kila programu walipewa ya kuonja. Kabla ya mstari wa kwanza ikamhoji: ukuta huu ni wa nini, una unene gani, umepigwa lipu ya namna gani, tena ikataka vidole vitatu vya mkono mmoja kwenye kibodi na mkono mwingine kwenye kipanya. Akaifunga. Akafungua ya Wafinyanzi. Tausi akapiga teke na paa zima likaangukia uani. Mwanamvua akacheka hadi karanga zikamwagika. Akafungua nyingine. Hii ilikuwa na sura ya kawaida, haina paka wala kivuli kinachotembea, lakini ilikubali mkono mmoja. Akigusa hapa, ukuta unaanza. Akigusa pale, unaishia. Tausi akinyonya, yeye anachora. Tausi akilia, anaacha, na akirudi anakuta ukuta wake palepale, unamsubiri.

Ilikuwa ipi? Sisemi. Nikisema, na nyinyi mtaanza.

"Mama Mwanamvua," alisema bila kuinua macho, "tuseme una nyumba. Ungepika wapi?"

Mwasiti akainua kichwa. Mwanamvua alikuwa ameacha kumenya, ganda liko mkononi.

"Unajua," akasema mwishowe, "hilo sijawahi kuulizwa. Nimeulizwa kasi. Nimeulizwa kuhusu vivuli. Marehemu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama napenda menyu iwe juu au pembeni." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Ningepika upande wa mashariki. Asubuhi jua liniingilie. Dirisha liwe pana, moshi usinitoe machozi, na nimwone jirani ili nimuombe chumvi. Na pawe na kibaraza kidogo, mtu aje akae na maneno yake wakati mimi nakaanga."

Mwasiti akachora upande wa mashariki. Akachora dirisha pana. Akachora kibaraza. Halafu mkono ukasimama, maana sasa alikuwa amejua ni kitu gani kilichomkera siku zote kwenye ile nyumba ya ukutani.

Kesho yake Barazani, walipouliza kama mgeni ana neno, alisimama na mtoto wake begani.

"Samahanini, wazee wangu. Jiko liko wapi?"

"Jiko lipi?" Bi Shani akauliza.

"La Nyumba ya Mfano. Nimeizunguka yote. Naona ngazi, naona paka. Jiko sioni. Na choo pia sijakiona, ila kwanza tulitafute jiko."

Watu wote wakaigeukia ile picha. Mtu mmoja akaenda hadi ukutani akaipapasa. Mzee wa Wanyoofu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Miaka na miaka walikuwa wameichora nyumba ile, kwa kila programu na kila toleo, wamegombana juu ya manyoya ya paka wake, na hakuna aliyewahi kujiuliza wenye nyumba watakula nini. Hawakuwa na sababu ya kujiuliza. Hakuna aliyekuwa na nia ya kuhamia.

Kwa dakika moja nzuri Mwasiti alidhani jambo limekwisha. Alidhani watatoka nje wote, waokote mawe yao.

"Hili ni jambo zito," akasema Bi Shani. "Ina maana ulinganisho wote uliopita ni batili!"

"Programu yetu ndiyo pekee inayoweza kuchora jiko linalojijua!"

"Iundwe kamati ya jiko!"

"Kamati mbili! La kuni na la gesi!"

Na kelele zikaanza upya, zenye nguvu kuliko za mwanzo, maana sasa zilikuwa na chakula kipya. Mwasiti akakaa chini. Alijisikia kuchoka kule ambako hata usingizi hauponyi. Ndipo akasikia kwa mbali ngurumo ya kwanza. Akainuka, akatoka, wala hakuna aliyemwona akitoka.

Hemani alimwachia Mwanamvua mchoro wa nyumba yake ya jiko la mashariki, ameunakili kwa kalamu kwenye karatasi. Mwanamvua aliushika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kifaranga.

"Watanishtaki," alisema.

"Wana kamati sasa, mama. Watakuwa na kazi kwa muda."

Mwanamvua alimtazama, kisha akatazama rundo lake la mawe yaliyoota kuvu. Alimbusu Tausi kisogoni, akampa mama mtu karanga za njiani.

Langoni Bwana Fakihi alikuwa peke yake, ameshika mwavuli uliofungwa. Upepo ulikuwa umegeuka, unanukia mvua.

"Binti, umechagua?"

"Nimechora, bwana."

"Nauliza kama umechagua. Lazima utoe sababu. Ni kwa sababu ya kasi? Wepesi? Bei? Uzuri wa vivuli?"

"Mtoto alikuwa ananyonya. Nilikuwa na mkono mmoja."

Bwana Fakihi akafumba macho, akivipitia vifungu vya sheria kichwani. "Mkono mmoja," akanong'ona. "Mkono mmoja haumo." Kisha akanyoosha kidole kutaka kuona. Mwasiti akaifungua kompyuta juu ya goti. Ilikuwa nyumba ya Bi Sauda, aliyoichora usiku kwa mkono uleule mmoja: chumba cha mama, chumba cha wageni, jiko, choo, ua. Mzee aliitazama kwa muda mrefu. Kidole chake kikatua penye mstari mdogo kando ya mlango wa jikoni.

"Na hapa pana nini?"

"Kibaraza. Mama atakaa hapo achambue mchele. Akiwa hapo anaona nani anaingia, na akitaka kukohoa anakohoa kwa sauti. Ni kwake."

Tone moja la mvua lilianguka kati ya viatu vyao, vumbi likaruka. Mwasiti akalitazama tone lile, moyo ukimdunda hadi Tausi akaamka mgongoni.

"Mama yangu alikuwa akichambua mchele mlangoni," mzee akasema. "Kabla ya sheria." Akaufungua mwavuli wake, akaushika juu ya kichwa cha Tausi na si juu ya chake. "Sikiliza, binti. Sheria yetu inawajua watu wa aina mbili: aliyechagua na asiyechagua. Aliyekwisha kuchora haimjui. Nami siwezi kumzuia mtu ambaye sheria haimjui. Pita. Pita upesi, kabla sijakumbuka kifungu."

Mwasiti akapita. Nyuma yake mvua ikashuka, na shangwe za matoleo mapya zikasikika kutoka Barazani.

Nyumba ya Bi Sauda ilijengwa kati ya vuli na masika. Si nyumba ya kuangazwa ukutani. Mlango wa choo ukifunguliwa unagonga beseni, na dirisha la jikoni liko juu kidogo, ikambidi Bi Sauda apandie kigoda ili amsalimie jirani. Mwasiti aliomba radhi. "Radhi ya nini?" mama yake akamjibu akiwa juu ya kigoda. "Kwani nikisimama hapa si nakuwa mrefu?" Masika yalipokuja, yalimkuta kwake. Usiku wa kwanza alikohoa kikohozi kimoja kikubwa cha majigambo, wala hakuwa na mafua.

Baadaye alipita msafiri aliyetoka Uteuzini, Mwasiti akamuuliza habari za huko. Msafiri alisema kamati za jiko zinaendelea vizuri, zimefika nane, na Nyumba ya Mfano sasa ina jiko ambalo bado linabishaniwa rangi. Ila kuna jambo moja limelitatiza Baraza. Kila asubuhi, upande wa mashariki, nyuma ya marundo ya mawe, kunaonekana kitu cheupe kinapanda angani taratibu. Bwana Fakihi alitumwa akachunguze. Alikaa huko hadi adhuhuri, akarudi na taarifa fupi: ni ukungu tu. Baraza likaridhika.

"Na wewe uliuona?" Mwasiti akauliza.

"Niliuona," alisema msafiri, akimeza mate. "Lakini dada yangu, mimi ukungu naujua. Haunukii vitunguu."